Gongo la Feisal Mizanini

Nimestaafu. Msinicheke. Najua wanaostaafu huwa na mvi na kiinua mgongo, na mimi nina miaka ishirini na tisa, na kiinua mgongo changu ni harufu ya gundi isiyotoka vidoleni hata nikisugua na ndimu. Lakini kazi ni kazi. Miaka kumi na mmoja nimebeba begi la magongo ya Papa, timu yetu ya hoki, vijana wa Mlango wa Papa na wenzao. Magongo nimeyaziba nyufa, nimeyapiga msasa, nimeyafunga mishikio. Siku ya mechi nikasimama nyuma ya goli la wapinzani na debe langu, nikapiga kelele mpaka koo likawa kama limeparwa na samaki. Sasa begi nawaachia nyinyi, wadogo zangu. Lipo uani kwetu, Kuze, ulizeni nyumba ya Rukia Gundi, hata paka watawaonyesha.

Watu wakiaga huacha mawaidha. Mimi nawaachia swali, kwa sababu huu msimu uliokwisha sikuuelewa. Nimeugeuza kama chapati, upande huu, upande huu, bado sijui umeiva wapi. Swali lenyewe ni hili: mimi nimeiponza timu yangu, au nimeiokoa? Kama kuna anayejua, aje aniambie. Lakini aje na heshima, maana hasira zangu hazijastaafu.

Kwanza niwaambie kazi nilivyoijua. Hakuna aliyenifunza. Shuleni nilicheza hoki, beki wa kushoto, nikatolewa timuni kwa kumjibu mwalimu. Sikuachana na mchezo. Swaleh, mtoto wa ami yangu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kudaka Papa, na siku moja akaja na gongo la mwenziwe limepasuka kwa urefu, kama mhogo. Jipya hawana, na mechi ni Jumamosi. Mimi nikasema, lete. Kwa nini nilisema lete sijui. Nilikuwa sijui hata kushika patasi.

Mtaani kwetu kuna Ami Abdalla, fundi wa fiba. Yeye huziba matangi ya maji ya juu ya mapaa, na boti za mashine zikitoboka. Nikamfuata juu ya paa la jirani.

"Ami, hino fiba yaweza kushika gongo la hoki?"

"Yashika boti, itashindwa na kijiti?"

"Basi nipe kidogo."

"Nikupe wewe? Gundi hii yataka mtu mpole, mwanangu. Ukiifanyia pupa yachemka, ukizubaa yaganda ndani ya mkebe. Na wewe, Kuze nzima wasikika ukimgombeza fundi wa redio."

"Fundi wa redio ni mwizi, ami."

"Ndiyo hayo nisemayo."

Alinipa lakini. Akanifunza: kikombe kimoja cha kahawa cha gundi, kwa kofia moja ya chupa ya ile dawa ya kukaushia. Kwa mvua, kofia na nusu, kwa sababu hewa ya kwetu ina maji na gundi hukataa kukauka, unaishika leo yanata, unaishika kesho yanata. Ukikata kitambaa cha fiba funga pua na vaa mikono mirefu, kile kitambaa chawasha kuliko upupu. Halafu akanipa kanuni yake moja, moja tu, na nyinyi ishikeni hapo kwa sababu tutairudia: "Ukiona ufa, ongeza tabaka."

Nikaongeza tabaka. Gongo la kwanza nililifanyia kazi juu ya sinia la mamangu, lile kubwa la kupakulia pilau. Asubuhi gongo na sinia vimekuwa kitu kimoja. Nimevuta, nimepiga, nimesoma na dua. Ikabidi Swaleh akalie sinia na mimi nivute gongo, na lilipotoka likatoka na rangi ya sinia, na mpaka leo wageni wakija kwetu wakila pilau ikipungua, chini yatokeza alama ya gongo la hoki. Mama huwaambia ni mwezi mchanga.

Basi somo la kwanza: tandaza karatasi la nailoni. Somo la pili: mshikio wafungwa kuanzia juu kushuka chini, na mkanda uvute mpaka ulie. Somo la tatu, msiloambiwa na mtu: mchezaji wa bara na mchezaji wa pwani hawatoki jasho sawa. Barasa, kapteni wetu, mwendesha krini bandarini, huyo mikono yake ni mabomba. Mfungieni mshikio wa kitambaa, ule wa mpira utamteleza na gongo litaruka limpige refa. Lishawahi kumpiga. Mimi nilishangilia, nikatolewa uwanjani.

Kutolewa uwanjani pia ni sehemu ya kazi. Msikae karibu na benchi, maana ukimtukana refa kutoka benchini anayelishwa kadi ni kapteni. Simama nyuma ya goli la wapinzani, mbali, hapo wewe ni raia wa kawaida. Usimtaje mama wa mtu. Uliza tu maswali. "Refa, miwani umeacha Feri?" Hilo ni swali, si tusi. Na koo lisikauke, tafuna tangawizi mbichi, robo ya kwanza upige debe tu, sauti uiweke ya robo ya mwisho.

Sasa msimu.

Tulianza kwa ushindi. Mechi ya kwanza tulishinda mbili bila, mabao yote ya Feisal. Feisal mwamjua, mshambuliaji, kijana wa kwetu Kuze, auza vitambaa dukani kwa mjomba wake. Miaka mitatu mfululizo yeye ndiye aliyekuwa akitubeba. Alikuwa na pigo moja, la mkono wa nyuma, analizungusha gongo mtu hajaona, mpira ushaingia, ubao wa goli walia ko! Kwa ajili ya mlio huo mimi nilikuwa naweza kukosa harusi. Na nimekosa, ya binamu yangu, hasemi nami.

Gongo lake lilipata ufa mechi hiyo hiyo ya kwanza. Nikaliziba, tabaka mbili. Mechi ya pili tukafungwa. Ya tatu tukafungwa. Kila mechi gongo la Feisal lapata ufa mahali, na kila ufa mimi naongeza tabaka, kwa mapenzi, wallahi. Wengine nawawekea moja, Feisal namwekea mbili, hata tatu kwenye kichwa pale panapogusa mpira. Nikilimaliza nalipiga msasa mkali, kisha laini, kisha nalisugua mpaka lang'aa kama kikombe cha zawadi. Namkabidhi mbele ya wenziwe: "Hili hapa. Hili la ushindi."

Tunafungwa.

Mimi sikuelewa. Barasa kwenye kati alikuwa anakimbia kama kafukuzwa. Swaleh golini, msimu huu niseme kweli ingawa ni damu yangu, alidaka mambo ambayo hata yeye akiulizwa alidakaje hajui. Beki wetu walikuwa na makosa yao lakini si ya kufungwa kila wiki. Tatizo lilikuwa mbele. Feisal anapata mpira duarani, amebaki na golkipa peke yake, anainua gongo, na gongo lachelewa kushuka. Mpira washapita. Kila mara hivyo. Kama anayepiga nzi na mto.

Watu wakaanza kusema. Ati ana mambo yake. Ati ataka kwenda Nairobi kuchezea timu ya huko. Mimi nikawagombeza wote, siku saba nikawagombeza. Halafu siku ya nane, mimi mwenyewe.

Ilikuwa mechi ya katikati ya msimu, uwanja wetu, jioni. Siku hiyo Khalti Saada, mamake Feisal, alikuja kumtazama mwanawe kwa mara ya kwanza. Alikuja na chupa ya chai na kikapu cha mahamri, akakaa chini na mashoga zake wawili, hajui hata goli letu ni lipi. Tuko sare. Feisal akapata mpira mbele ya goli tupu. Goli tupu, nasema, golkipa kaanguka huko. Akainua gongo. Mpira ukapita chini yake kama kuku chini ya mlango.

Mimi sikumwona Khalti Saada. Au nilimwona, sijui. Nilipiga debe mara moja nikasema kwa sauti yangu yote:

"Feisal! Umekula saruji?"

Watu wakacheka. Nanyi mwajua mtu wa hasira akichekewa hukolea.

"Mtoeni akalale! Huo mkono ushakufa, wangoja kuzikwa!"

Uwanja mzima ukacheka. Feisal akaangalia chini. Na huko nyuma nikaona buibui tatu zikiinuka, kikapu kikifungwa, chupa ya chai haikufunguliwa.

Tukafungwa dakika za mwisho, lakini si hilo.

Kuze ni vichochoro, hamna njia ya kumkwepa mtu. Kila siku napita mlangoni kwa Khalti Saada nikienda dukani, na kila siku natoa salamu. "Asalaam aleikum, khalti." Yeye yupo barazani anachagua mchele. Mchele wasikia, yeye hasikii. Nyinyi mnaoishi majumba ya ghorofa hamjui uzito wa jambo hilo. Mtu akikutukana, wamjibu, yaisha. Lakini salamu isiyojibiwa yabaki hapo kichochoroni, kesho ukipita waikuta. Mamangu akaniambia, "Nenda ukamwombe radhi." Nikamwambia, "Radhi ya nini? Si kweli kakosa goli?" Mama akasema, "Goli halikuzaa mtu."

Sikwenda. Nilikuwa na hasira na Feisal kwa kunifanya nimtukane. Mwaona akili yangu? Hata sasa nikiiandika siioni inaelekea wapi.

Ikafika mechi ya mwisho. Hesabu ilikuwa rahisi: tukishinda, tunabaki ligini. Sare au kufungwa, tunashuka daraja, na timu ikishuka Barasa na wenziwe wa bandarini watakwenda zao timu nyingine, na Papa imekwisha, itabaki jina la mtaa tu. Nilitengeneza magongo wiki nzima. Nilipaka, nikasugua, nikayapanga uani yakauke. Ami Abdalla akapita akayaona, akasema, "Mashallah, haya hata risasi haipiti."

Siku yenyewe, refa ni mgeni, mwanamke wa makamo katoka bara, mpole, sauti ya chini. Kabla ya mechi akatoa pete ya chuma mfukoni.

"Naomba magongo," akasema.

Mimi nilikuwa sijawahi kuiona hiyo pete. Refa zetu wa kawaida hupapasa gongo kama kuna msumari, basi. Kumbe sheria ni hivi, na nyinyi ijueni leo msije mkaaibika: gongo lote, pamoja na ulichopaka na ulichofunga, lazima lipite ndani ya pete ile. Lisipopita, halichezi.

La Swaleh likapita, lile sikuwahi kuliziba. La Barasa likakwama. Nikasema, "Sukuma, refa." Akasukuma. Likakwama. La tatu likakwama. Likaja la Feisal. La Feisal halikuingia hata ncha.

"Hii imefunikwa na nini?" refa akauliza.

"Fiba."

"Nani aliifunika?"

Na mimi, mwenye mdomo unaosikika mpaka Likoni, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Barasa ndiye aliyejibu. "Fundi wetu, madam. Anatupenda sana."

Magongo saba yakawekwa kando. Wapinzani wanacheka, wanajipigia mpira wanatungoja. Tumebakiwa na robo saa. Waliotuokoa ni wasichana wa sekondari waliokuwa wamecheza mechi ya utangulizi, wako pale wanakunywa maji. Barasa akawaendea, jitu zima la krini, akainama mbele yao kama aposaye. Wakakubali. Feisal akapewa gongo la rangi ya waridi, lina maua meupe mshikioni. Mwenyewe, kisichana kirefu hivi, akamshika mkono wa jezi.

"Kaka, ukilivunja utamweleza babangu mwenyewe."

"Babako ni nani?"

"Ni polisi."

Wapinzani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikaenda nyuma ya goli, nikaweka debe chini, nikakaa juu yake. Mechi muhimu kuliko zote za maisha yangu na nikaitazama kimya, mikono mapajani, kama nimekwenda kliniki.

Robo ya kwanza tukafungwa moja. Nikasema, haya, yaliyobaki ni maziko.

Robo ya pili Feisal akapata mpira kulia. Akainua lile gongo la maua, na sikuliona likishuka. Ko! Ubao wa goli ukalia, watu wakawa bado wanatafuta mpira. Moja moja. Feisal mwenyewe akaangalia gongo, akaangalia mkono wake, akaugeuza juu chini kama mkono wa mtu mwengine. Hakushangilia. Alikuwa kama mimi, haelewi.

Robo ya nne kona fupi. Mpira ukatoka, Barasa akauzuia, Feisal, ko! Mbili. Swaleh akadaka mawili ya mwisho kwa mguu na kwa dua. Filimbi. Tumebaki.

Wenzangu waliruka, walilia, walimbeba yule kisichana wa gongo juu juu. Mimi nilikuwa natazama yale magongo yangu saba yaliyolala kando ya mstari, yanang'aa.

Asubuhi yake nikayatia begini nikaenda Marikiti. Kuna mama mmoja wa bara auza vitunguu, ana mizani ya haki, nilimjua kwa sababu alishanigombeza kwa kumwambia si ya haki. Swaleh alikuwa na gongo moja jipya la mtu, halijawahi kufanyiwa kitu, nikalibeba pia.

"Dada, hicho nacho ni kitunguu gani?" akaniuliza.

"Nipimie tu, mama. Usiniulize."

Jipya: nusu kilo na kidogo, kama vitunguu vitano vya wastani, alisema. La Barasa: ongeza vitunguu viwili. Likaja la Feisal. Akalisimamisha vizuri, akaongeza jiwe, akaondoa, akaongeza.

"Hili ni kilo kasoro kidogo," akasema. "Hili mnachezea ama mnajengea?"

Nikasimama pale na mapunda ya mikokoteni yanapita yananisukuma. Msimu mzima kijana nimempa nyundo nikamwambia hili la ushindi. Kisha nikamcheka kwa kushindwa kuiinua.

Nikaenda kwanza kwa Ami Abdalla, kutafuta wa kugombeza. Nikamwambia, ami, wewe ulinambia ukiona ufa ongeza tabaka! Akaniangalia kwa huruma, gundi mkononi.

"Mimi ni fundi wa matangi, mwanangu. Tangi halikimbii."

Basi nikaenda dukani kwa Feisal. Alikuwa anakunja vitambaa. Nikaweka lile gongo mezani, nikamwambia uzito wake, nikamwambia makosa ni yangu, mkono wako haukufa, mimi ndiye niliyeuzika. Niliyasema yote mbio mbio kabla hasira hazijanipata. Akamaliza kukunja kitambaa kilichokuwa mkononi. Nikangoja anitukane. Ningefurahi.

"Mimi nilidhani ni bega," akasema.

"Bega gani?"

"Langu. Nilidhani nimezeeka. Mamangu ananikanda na mafuta ya karafuu kila jioni tangu mechi ya tatu. Nilishamwambia huu msimu ukiisha nauza viatu, siwezi tena." Ana miaka ishirini na tatu.

"Mbona hukusema gongo zito?"

"Umelisugua likang'aa vile, ukanipa mbele ya watu. Ningesema nini, Da Rukia? Na wewe nani akuambiaye kitu?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikanyoosha mkono nilichukue gongo nikalitupe baharini. Akalizuia.

"Liache. Nalitaka."

"La nini?"

"La mazoezi. Baada ya miezi ya kuinua hili, lile la jana lilikuwa kama njiti ya kiberiti. Hukuona lilivyoshuka? Mimi sijawahi kupiga mpira vile hata nilipokuwa mzima."

Hapo, wadogo zangu, ndipo akili yangu ilipoachana nami mpaka leo.

Nikauliza wengine. Barasa akasema tulishinda kwa sababu tulichekwa, mwanamume mwenye gongo la maua atafanya nini zaidi ya kushinda. Swaleh, damu yangu, akasema tulishinda kwa sababu mimi nilinyamaza. "Kwa mara ya kwanza nilisikia beki wangu wakizungumza," akasema. Nilimrushia kiatu. Halafu nikafikiri. Halafu nikaenda kukiokota. Mama akasema ni Mungu. Ami Abdalla akasema ni pete. Kila mmoja ana jibu na yote yaingia kichwani, hakuna linalokwama. Kama nisingeyapaka magongo, pengine tungeshinda msimu mzima na hiyo mechi ya mwisho isingekuwa na maana. Au pengine Feisal asingekuwa na ule mkono. Au yale magongo yangepasuka mechi ya pili tukacheza na mikono mitupu. Sijui. Nimejaribu kujua kwa nguvu, na nguvu haisaidii, sawa na gundi.

Kwa hiyo nimestaafu ufundi. Mtu asiyejua kama dawa yake yaponya au yaua hafai kushika chupa. Nyinyi mkishika begi, mtakuta ndani msasa, mikanda, kofia ya chupa ya kupimia, na mizani ndogo ya kuning'iniza, nimeinunua mwenyewe. Pima gongo kabla hujalipaka. Pima baada. Limezidi, parua. Na nimewachongea pete ya chuma kwa fundi wa madirisha, kipimo chake kile kile cha refa. Mchezaji akianza kuchelewa, muulizeni kwanza gongo lake, na mumuulize faraghani, si kwa debe.

Debe silitoi. Hilo ni langu, nitazikwa nalo.

Nimebakisha moja. Juzi nilikuwa narudi na hiyo mizani mkononi, nikapita mlangoni kwa Khalti Saada. Yupo barazani, kinu mbele yake, atwanga kitu gani sijui. Nikatoa salamu kama ninavyotoa kila siku, huku natembea, kwa sababu nishazoea kutongoja.

"Waaleikum salaam."

Nilisimama nikageuka, nikadhani kuna mtu mwengine nyuma yangu. Hakuna.

"Feisal kanieleza," akasema, na hanitazami bado. "Hebu ingia na hiyo mizani yako, unipimie mchi wangu. Mwaka huu mzima mkono waniuma nikitwanga. Huenda nao uliupaka fiba."

Nikavua viatu nikaingia. Nikaufunga mchi kwa kamba, nikauning'iniza mizanini, nikasoma mara mbili nisikosee, naye amesimama kando kajishika kiuno angoja.

Ulikuwa mzito kweli. Lakini huo, wallahi, sikuugusa mimi.